Njia ya Kumi na Saba

Wulansih, fundi sauti wa orkesi iliyokuwa ikipiga muziki, alikuwa amesimama katikati ya wageni wa harusi huko Tulungagung, bakuli la supu ya soto mkono mmoja, kishikwambi mkono wa pili, akirekebisha sauti ya ngoma kwa dole gumba. Sanduku la mitambo ya sauti lilikuwa chini ya jukwaa. Yeye alizunguka nacho kishikwambi kila mahali, hadi kwa bibi aliyekaa nyuma kabisa karibu na masufuria, ili muziki wa dangdut umfikie naye sawasawa.

Sanduku lile lina njia kumi na sita za sauti. Katikati ya wimbo wa tatu, kwenye kioo cha kishikwambi ikatokea ya kumi na saba. Iliandikwa YATMI.

Yatmi alikuwa mwimbaji wa orkesi hiyo hadi mvua za mwaka uliopita, alipofia jukwaani akiwa ameshika maiki. Wulansih aliipunguzia mwangwi njia hiyo, maana Yatmi alikuwa akisema mwangwi unamfanya asikike kama mtu anayeoga. Kisha akaipandisha.

Sauti ikajaa uwanjani. Wazee wakatupa sigara wakaingia kucheza. Bibi harusi alivua viatu. Mpishi alikuja na upawa wake. Pale jukwaani, Lestiani, aliyerithi nafasi ya Yatmi, alisogea kando na kuanza kumwitikia.

"Yatmi huyo!" alisema bibi wa nyuma. "Kile kifua kilichosemwa kimemuua kimepona kabisa."

Bosi Darmaji, mwenye orkesi, akaja mbio. "Nani kamwita?"

"Kaja mwenyewe, bosi."

"Mrekodi basi! Unangoja nini?"

"Narekodi tangu alipovuta pumzi."

Wimbo ulipoisha, Yatmi akakohoa kidogo kwenye spika. "Shikamoo bosi. Waya wa ethi wa kuzuia shoti mmeshafunga?"

Wageni wakacheka. Darmaji akachukua maiki. "Wiki ijayo, dada."

"Ndivyo ulivyoniambia siku ile, nami nimelowa chapachapa."

Kicheko kikakatika. Mpiga kinanda akatazama vidole vyake. Halafu mtu akapiga mluzi, ngoma ikaanza, na watu wakarudi kucheza.

Wulansih hakucheza. Alichukua nyundo, akapigilia nondo ardhini pembeni mwa jukwaa, akaufunga waya wa ethi kwenye nondo hiyo mwenyewe. Darmaji akaing'oa.

"Hapa ndipo maharusi wanapigiwa picha, mama. Unataka waonekane na chuma?"

Kuanzia hapo mialiko ilimiminika, kutoka Trenggalek hadi Kediri, na wote walimtaka Yatmi. Alikuja kila mara. Darmaji akanunua spika mpya na taa za rangi. Kila alipopakia gari, Wulansih aliweka nondo yake ndani. Kila walipofika, Darmaji aliitoa.

Huko Blitar mvua iliwakuta jukwaani. Gauni la Lestiani lilimganda mwilini. Alinyoosha mkono kuchukua maiki.

"Lestiani, usiguse!" Yatmi alisema, mbele ya umati wote. "Rudi nyuma, mdogo wangu. Niachie mimi."

Lestiani akarudi nyuma, akajikumbatia. Yatmi akaimba peke yake, kwenye maiki isiyo na mtu. Umati ulipagawa. Watu walirukaruka kwenye matope, wakilia na kucheka, wakiliita jina lake.

Darmaji alimshika Wulansih bega, uso ukimng'aa kwa furaha.

"Unaona?" alisema. "Waya wa nini tena?"