Friji Iliyonyamaza

Saa nne kasorobo asubuhi, Jumanne, friji ilitoa mlio mmoja mkavu, kama wa mtu anayevunja kijiti, ikatulia, kisha ikautoa tena. Mshonaji, aliyekuwa jikoni akichambua mchele, aliinua kichwa akasubiri ngurumo ambayo kwa kawaida huufuata mlio huo. Haikuja. Alifungua mlango wa juu, akagusa barafu kwa kidole, kidole kikarudi kimelowa.

Alikwenda ukumbini kumwambia mama mkwe wake, ambaye alikuwa akikunja nguo. Mama mkwe hakuuliza friji imeharibikaje. Aliuliza tu ni nani atakayemwita fundi.

Friji hiyo ilikuwa na jina. Shemeji yake mshonaji, mdogo wa mumewe, aliibatiza Trekta siku aliyokuja kutembea akalala ukumbini. Aliamka na macho mekundu akiuliza ni shamba la nani lililokuwa likilimwa mpaka kunakucha. Jina lilishika. Mota ilipowaka, mwili mzima wa friji ulitetemeka, na vijiko vilivyokaa kwenye gilasi juu yake vililia hadi mota ilipozima. Wageni walishtuka. Wenyeji hawakuwa wakiisikia tena, au ndivyo walivyosema.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Alikuwa ameijenga na marehemu mumewe chumba kimoja kimoja, kadiri mkono ulivyofika, na vyumba vya mwisho vilitengwa kwa mbao nyembamba ambazo hazikufika darini. Ukuta kati ya jikoni na chumba cha mshonaji na mumewe ulikuwa wa mbao hizo. Friji iliegemea upande mmoja, kitanda upande wa pili. Mume alikuwa mwoka mikate: aliingia kazini jioni, akarudi alfajiri, akalala hadi baada ya chakula cha mchana. Saa ambazo mke na mume walikuwa macho pamoja zilikuwa za kuokoteza, na katika saa hizo mama mkwe alikuwa ama jikoni, ama kwenye kibaraza chini ya dirisha lao.

Kwa hiyo walijifunza kuongea na Trekta. Mota ikiwaka, waliongea. Ikizima, walinyamaza, hata kama neno lilikuwa limefika mdomoni nusu, wakasubiri. Hawakuwahi kukubaliana wafanye hivyo. Ilikuja yenyewe, kama watu wa nyumba moja wanavyojua nani ataoga kwanza. Mota ilipowaka tena, aliyekatizwa aliendelea palepale alipoachia, kwa sauti ya kutosha kuishinda Trekta.

Tangu mwanzo wa mwezi mazungumzo yalikuwa ya jambo moja. Karakana ya kushona sare za shule, katika mji mwingine, ilimtaka mshonaji awe msimamizi wa ukataji wa vitambaa. Yeye aliitaka kazi hiyo na alisema hivyo bila kuzunguka. Mume hakupinga. Mikate, alisema, inaliwa kila mji. Kilichobaki ni nani atakayemwambia mama, na hapo mume alikuwa mguu ndani mguu nje. Leo alisema atamwambia kesho. Kesho ikifika, mama anaumwa kichwa. Karakana ilikuwa imetoa muda hadi Jumamosi adhuhuri. Baada ya hapo nafasi ingepewa mtu mwingine.

Fundi alifika mchana huohuo, mfuko wa zana begani. Wateja walimwita Fundi Baridi, kwa kazi yake na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na haraka. Aliivuta friji kutoka ukutani, akapiga magoti, akafungua kifuniko kidogo ubavuni mwa mota na kuchomoa kidude ambacho huiamsha mota iwake. Alikitikisa karibu na sikio. Kililia kama karanga kavu ndani ya ganda. Mota ni nzima, alisema, na gesi ipo. Kilichokufa ni hiki tu. Aliweka kipya, akapangusa utando wa vumbi kwenye mabomba ya nyuma, akawasha. Trekta ilinguruma.

Kazi aliyoitiwa ilikuwa imekwisha. Lakini fundi hakusimama. Aliweka kiganja juu ya bomba jembamba la shaba linalotoka kwenye mota, na kelele ikapungua nusu. Akaondoa kiganja, ikarudi.

"Shemeji, kelele hii mnaivumilia tangu lini?"

"Tangu tuinunue."

"Basi mmevumilia bure."

Alikata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, akakikunja, akakipachika kati ya bomba na mwili wa friji. Hakuna aliyemwomba, naye hakudai kitu. Alisema hiyo ni nyongeza. Vijiko vilinyamaza. Mshonaji alilazimika kugusa ubavu wa friji ili ajue kama inafanya kazi.

Mama mkwe aliingia kutoka kibarazani akauliza kama imekufa. Fundi alimjibu kuwa imepona. Mama mkwe naye aliweka mkono ubavuni mwa friji, akauacha hapo kwa muda mrefu kuliko mtu anayepima baridi. Alishukuru kama inavyopasa, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi. Mshonaji aliliona hilo asilitie maanani, kwa kuwa siku hiyo hata yeye hakufurahi.

Jumatano, mume alipoamka, mshonaji alikaa ukingoni mwa kitanda akaanza palepale walipoachia. Mume aliweka kidole mdomoni, akaonyesha ukuta. Mshonaji akashusha sauti. Mume hakusikia, akauliza amesema nini, mke akarudia, mume akauliza tena. Mnong'ono hauwezi kubeba swali kubwa. Mwishowe mume alisema wataongea baadaye, akaenda kuoga.

Mshonaji alijaribu redio. Ilikuwa haijamaliza hata tangazo moja, mama mkwe akaingia na kigoda chake akisema amesikia kuna taarifa ya habari, akaketi. Jioni alijaribu kumsindikiza mume kazini ili waongee njiani. Kwenye kona ya kwanza waliungana na jirani mmoja, kwenye kona ya pili na mwingine, na wote wanne wakatembea hadi kwenye tanuri wakizungumzia bei ya unga.

Kufikia Alhamisi mshonaji alikuwa ameona jambo ambalo hakutaka kuliona. Mumewe alikuwa analala vizuri. Alikuwa anakula vizuri. Alipoamka aliitazama friji, iliyotulia kama kabati, kwa uso wa mtu aliyepewa ruhusa ya ugonjwa. Zamani kelele ilimfanya aseme. Sasa ukimya ulimruhusu asiseme. Jumamosi ingepita, na hakuna ambaye angeweza kudai kwamba alikataa.

Ijumaa asubuhi alikwenda karakanani kwa Fundi Baridi. Friji zisizo na milango zilipangwa ukutani, na fundi alikuwa amekaa juu ya moja iliyolazwa, akinywa chai. Mshonaji alimwuliza kama anaweza kurudisha kelele.

Fundi alitua kikombe.

"Shemeji, nimeshaombwa nirudishe hela, nirudishe hata gesi niliyoitoa. Kelele, wewe wa kwanza."

Mshonaji hakueleza sababu, naye hakuulizwa. Fundi alimwambia kuwa hahitajiki mtu: avute friji, aingize mkono nyuma, autoe ule mpira. Ila asiuache nje kwa muda mrefu. Bomba likisuguana na chuma kila siku, mwisho hutoboka, na gesi ikishatoroka ndipo atakapojua gharama ya kelele. Siku mbili tatu si neno.

Alirudi nyumbani akiwa ameshapanga: mama mkwe hulala kidogo baada ya chakula, hapo ataivuta friji. Alipofika mlangoni alisimama. Vijiko vilikuwa vinalia.

Mama mkwe alikuwa ameketi jikoni. Mezani mbele yake, kando ya kisu cha mboga, kulikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli. Friji ilikuwa imerudishwa ukutani, lakini si sawasawa. Mguu mmoja ulikuwa nje ya alama yake sakafuni. Mshonaji aliuliza nani ameutoa mpira. Mama mkwe alisema ameutoa yeye, akamsogezea kiti.

"Kaa, mwanangu. Trekta ilipokuwa inanguruma, nyinyi wawili mlikuwa mnapaza sauti kama watu wanaoitana ng'ambo ya mto. Nilikuwa nasikia kila neno. Tangu fundi wenu alete nyongeza yake, mnanong'ona kama panya kwenye karatasi, na mimi sijui mmefikia wapi."

Mshonaji aliketi. Alijaribu kukumbuka yote aliyokuwa ameyasema tangu mwanzo wa mwezi, akaacha, kwa sababu yalikuwa mengi.

"Hata ile ya chumvi, mama?"

"Hata ya chumvi. Nimeipunguza. Hukuona?"

Alikuwa ameona. Alidhani ni uzee.

Mama mkwe aliuliza kama kazi ameikubali. Mshonaji alisema bado, wanataka jibu kesho. Mama mkwe alisema hata yeye anatakiwa atoe jibu kesho, na ndipo alipoeleza. Mwalimu mmoja mjane, anayesoma naye neno la Mungu, alikuwa anatafuta chumba. Mama mkwe alimwahidi hiki chao cha mbao tangu wiki iliyotangulia, na alishapima dirisha kwa kamba. Mshonaji alikumbuka kamba ile. Aliambiwa ashone pazia la buluu, akalishona, akashangaa kwa nini halitundikwi. Sasa mwalimu alikuwa amepata chumba kingine na alikuwa anasubiri hadi Jumamosi tu, kwa heshima.

"Kwa nini hukutuambia, mama?"

"Ningewaambia nini? Kwamba nasikiliza?"

Kisha mama mkwe alichukua mwiko uliokuwa mezani, akagonga nao mbao za ukuta.

"Na wewe uliye huko nyuma, najua huna usingizi. Toka."

Kitanda kililia. Mume alitokea mlangoni na shati lililofungwa kifungo kimoja juu zaidi ya tundu lake. Hakusema kwamba alikuwa amelala. Mama yake alimtazama kwanza miguu, kisha uso.

"Nijibu moja tu. Unaniogopa mimi, au unaogopa kwenda?"

Mota ilizima. Vijiko vililia mara ya mwisho, vikatulia. Mshonaji na mumewe walinyamaza wote wawili, kwa mazoea, wakiitazama friji. Mama mkwe hakuitazama. Alimtazama mwanawe, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri maji yachemke na anajua yatachemka.

Mume alipiga hatua moja kuingia jikoni.

"Kwenda," alisema.

Tangu waanze kulijadili, lilikuwa neno la kwanza alilolisema juu ya jambo hilo mota ikiwa imezima.

Mama mkwe alitikisa kichwa kwa kukubali. Alisema afadhali, alikuwa ameanza kudhani amezaa mtu anayemwogopa mama yake kwa umri ule. Woga wa kwenda, alisema, dawa yake ni kwenda, na akienda akashindwa, njia iliyompeleka haijafungwa. Mume alianza kuuliza nani atamwangalia. Mama alimkatiza akisema kwamba kwa miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwaangalia wao.

"Nyumba yangu siiachi," alimalizia. "Nyinyi nendeni. Friji mniachie."

Mshonaji alimtazama mumewe, mumewe akatazama kifungo chake, akaanza kukirekebisha. Hakupinga. Mshonaji alitoka hadi kibarazani akaipigia simu karakana ya sare. Alijibiwa na mwanamke aliyekuwa na pini mdomoni, ikabidi arudie jina la kazi mara mbili. Mwanamke alimtaka aanze tarehe moja. Aliporudi ndani, mama mkwe alikuwa juu ya kitanda chao bila viatu, akitundika pazia la buluu, na mume ameshika ncha ya pili.

Siku ya kuhama, gari la mizigo lilisimama mbele ya nyumba asubuhi. Mume na dereva walibeba kitanda, kisha cherehani, ambayo mshonaji aliifunga kwa blanketi mwenyewe na hakutaka mtu mwingine aifunge. Walipokuwa wakipakia masanduku, Fundi Baridi alitokea na mfuko wake. Mama mkwe ndiye aliyemwita. Bomba limesuguana vya kutosha, alisema, na sasa friji ni yake.

Fundi alitaka kujua msimamo wa nyumba, asije akaitwa tena wiki ijayo.

"Mama, nikuwekee kimya au nikuachie kelele? Maana humu ndani kila mtu ana oda yake."

Mama mkwe alifikiri. Alikuwa ameshika kile kipande cha tyubu, amekikunja kama kilivyokunjwa mwanzo.

"Mwalimu anahamia humu peke yake," alisema. "Mtu wa peke yake ana nani wa kuongea naye?"

Akampa fundi mpira. Mshonaji, aliyekuwa ameingia kuchukua sufuria ya mwisho, alisimama mlangoni akaangalia. Fundi alipiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya mota, akaupachika mpira mahali pake, akaisukuma friji ukutani hadi miguu yote minne ikakaa kwenye alama zake. Aliichomeka. Nje, dereva alipiga honi. Mama mkwe aliweka kiganja ubavuni mwa friji, akasema imewaka. Vijiko kwenye gilasi havikulia.