Alama Tano za Saima

Jumanne, saa tisa kamili alasiri, maombi ya shule za ufundi yalifungwa nchi nzima, na jina la Saima halikuwamo kwenye orodha ya wanaotaka kuwa mafundi wa ndege. Alikuwa amelifuta mwenyewe saa tano asubuhi, baada ya kuongea na mashine ya shule.

Baba yake, Jouko, alizipata habari hizo jioni karakanani, akiwa amelala chali chini ya mashine ya kukatia miti, oili ikimdondokea shingoni.

"Nimebadilisha," Saima alisema, akimpa spana kabla hajaiomba. "Nimeweka usafi wa majengo. Kule mjini Kajaani."

"Usafi wa nini?"

"Majengo. Ofisi, shule. Na vyoo, nadhani."

Jouko alijivuta akatoka. Tangu mtoto huyu alipokuwa na miaka tisa hakuwahi kutaja kazi nyingine zaidi ya ndege. Shule yenyewe ya ndege ni moja nchi nzima, iko kusini, inachukua wanafunzi kumi na wanane, na inafungua mlango mwaka mmoja inaruka mwaka mmoja. Mtihani wa kuingia ni Aprili, na anaitwa aliyeomba kwa wakati, basi.

"Nani kakuambia ubadilishe?"

"Polku."

Polku ndilo jina waliloipa mashine. Akili mnemba ya kuwaelekeza wanafunzi, halmashauri iliinunua msimu wa vuli. Jouko alikuwa ameona tangazo lake kwenye simu, lenye mtoto anayecheka hadi magego. Hakulisoma. Alidhani ni kitu cha kupangia vipindi.

Asubuhi yake hakufungua karakana. Walikwenda shuleni wote wawili, wakaketi mbele ya Marjut, mshauri wa wanafunzi, aliyewamiminia kahawa na kusogeza sahani ya maandazi ya iliki.

"Jouko, kabla hujafoka," alisema, "mimi nina shule tatu. Wanafunzi mia nne na kumi na wawili. Zamani nilikuwa namwona kila mtoto dakika ishirini kwa mwaka. Sasa Polku anaongea nao wakati wowote, hata Jumapili."

"Sijaja kusikia habari za Jumapili. Nionyeshe alichoambiwa mwanangu."

Marjut alimtazama Saima. Saima akainua bega moja, maana yake fungua tu. Marjut akageuza kioo cha kompyuta.

Juu kulikuwa na ripoti. Jouko aliisoma polepole, kidole kwenye kioo, kama alivyosoma kila kitu tangu alipoacha shule na miaka yake kumi na sita. Mwanafunzi hana ari. Uzoefu wake wa ufundi ni mdogo. Nyumbani hatiwi moyo. Uwezekano wa kufanikiwa katika ufundi wa ndege: asilimia kumi na moja.

Chini ya ripoti kulikuwa na mazungumzo yenyewe. Mashine iliuliza: kwa ufundi wa mikono, unajipa alama ngapi kati ya kumi?

Saima alikuwa ameandika: tano.

Toa mfano wa kazi uliyofanya.

Nilimsaidia baba kidogo kwenye pampu.

Jouko aliikumbuka pampu hiyo. Mwezi wa kumi na moja mgongo ulimlaza siku nne, na mteja alikuwa anapiga simu kutoka msituni kila saa. Saima aliifungua pampu ya haidroli peke yake, akapanga vipande sabini na tatu juu ya gazeti, akabadilisha mipira ya kuzuia mvujo, akairudisha. Jouko alichofanya ni kulala sebuleni na kuugua. Pampu ile inafanya kazi mpaka leo.

"Tano," alisema. "Wewe umejipa tano!"

"Sasa ningejipa ngapi?" Saima alijibu. "Nikiandika tisa si nitaonekana najidai?"

Kwao mkoani Kainuu mtu anayejisifu anatazamwa kama mtu aliyejikojolea mbele za watu. Jouko naye angejipa tano. Labda nne.

"Niilo alijipa kumi zote," Saima aliongeza. "Alikuwa anawahi kula. Polku ikamwambia aende ufundi wa ndege. Kaomba, eti kwa utani."

"Niilo yupi? Yule aliyeleta baiskeli yake karakanani afungiwe mnyororo?"

"Huyo huyo."

Jouko akaendelea kusoma. Mashine iliuliza: watu wa nyumbani wanasema nini kuhusu kazi yako?

Saima alikuwa ameandika: wanasema si mbaya.

Na mashine ikajibu: Asante kwa kunifungulia moyo, Saima! Kuukubali udhaifu wako ni ushujaa. Tutafute pamoja njia nyepesi inayokufaa! Mwishoni iliweka kipicha cha kopa jekundu.

Kile kijikopa ndicho kilichomtia kichefuchefu. Jouko amewahi kutoa panya aliyeoza ndani ya kichujio cha hewa bila kukunja uso. Lakini hiki, kitu kisicho na mkono wala jasho, kinampapasa mwanawe kichwa huku kinamtuma chooni, kilimpanda hadi kooni. Alisukuma sahani ya maandazi mbali.

"Umeisoma hii?" alimuuliza Marjut.

"Huwa napokea muhtasari."

"Umeisoma?"

"Hapana."

"Mtoto ana wastani wa tisa nukta moja kati ya kumi! Unamjua tangu akiwa mdogo!"

Marjut alikuwa mwekundu usoni. "Nilipiga simu shule ya kusini asubuhi hii. Wamefunga, hawapokei. Lakini tunaweza kukata rufaa. Naweza kumwambia Polku atuandikie barua, sekunde kumi tu—"

Jouko alisimama, kiti kikaanguka. "Saima, twende. Kabla sijatapika kwenye zulia la watu."

Garini hawakuwasha redio. Barafu ya ziwani ilikuwa bado nene, watu wawili walikuwa wameketi juu yake wakivua.

"Ulijua maana yake," Jouko alisema mwishowe. "Nikisema si mbaya."

"Nilijua. Nilidhani na yenyewe inajua." Saima alikwangua ukungu wa kioo kwa ukucha. "Halafu iliposema asilimia kumi na moja, nikawaza, labda baba huwa anamaanisha hivyo hivyo anavyosema."

Jouko alifungua mdomo. Maneno yalikuwapo, manne au matano, mepesi tu, ambayo mtu wa kwingine angeyamwaga hapo hapo. Baba yake mwenyewe alimwambia si mbaya, sifa kubwa kuliko zote kwao, mara tatu maishani, na zote tatu anazikumbuka, siku na mahali. Alikohoa, akabadilisha gia. Kinyaa kilikuwa bado kooni, ila sasa hakikuwa cha mashine peke yake.

Aprili, waliofanya mtihani kusini walikuwa arobaini na mmoja. Saima hakuwa mmoja wao. Niilo alikwenda, akatoka baada ya nusu saa, kiti chake kikabaki kitupu. Mazungumzo ya Saima na Polku yalikuwa yamechukua dakika kumi na moja. Shule ya ndege itapokea maombi tena baada ya miaka miwili. Mpaka hapo Saima atakuwa na miaka kumi na minane, na atakuwa amesafisha vyoo vya Kajaani kwa miezi kumi na minane ya masomo. Tangu siku ile hajaingia karakanani. Jouko anaziokota spana zake mwenyewe.