Sahani za Mtani Wangu

Mimi ni Mpare na Humphrey ni Mchaga, kwa hiyo katika miaka kumi na tisa tuliyofahamiana hapa Stockholm hatukuwahi kuzungumza jambo lolote kwa uzito. Ndiyo desturi ya watani, na sisi tuliishika kuliko wengine wanavyoshika ibada. Akinipigia simu kutoka kwake Rissne huanza kwa kuuliza kesi yangu imefikia wapi, maana kwa maelezo ya Wachaga, Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi nikimkuta amesinzia kwenye sofa huomba sarafu niidondoshe sakafuni. Kila Mpare anajua kwamba Mchaga asiyeamka kwa mlio wa sarafu, huyo amekufa kweli. Shida ni kwamba katika mji huu hakuna anayebeba sarafu tena, kila kitu ni simu.

Nayasimulia haya kwa sababu ya sahani tano za chuma, na kwa sababu nina hasira. Hasira yenyewe ni juu yangu mimi, Vumilia, si mtu mwingine.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Kutwa nzima nashughulika na watu wanaosahau jina langu kabla sijamaliza kuwafunga vifungo vya shati. Miaka saba iliyopita mfanyakazi mwenzangu alinipeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha, msituni huko, nusu saa kwa gari kutoka kwangu Hallonbergen. Wakanipa miwani ya kinga, wakaniziba masikio, wakanielekeza namna ya kushika bastola. Nikafyatua, na sahani ya chuma mbele yangu ikalia. Nilicheka kwa sauti kama mwendawazimu. Hatimaye kitu kimenijibu papo hapo.

Mchezo wenyewe hauna mambo mengi. Kila kituo kina sahani tano zilizopakwa rangi nyeupe. Kipima muda kikilia unazipiga zote haraka uwezavyo, na ile ya mwisho ndiyo inayosimamisha saa. Unarudia mara tano, mzunguko wako mbovu kuliko yote unafutwa. Kisha sahani zinapuliziwa rangi upya ili alama za risasi zifunikwe, na anaingia mwingine.

Nilianza kama mpuliza rangi, nikawa mwandika matokeo, na mwaka huu, baada ya kuhudhuria kila mkutano na kunywa kahawa isiyo na idadi, nikapewa kusimamia mashindano ya mkoa. Mimi, kwa lafudhi yangu ya Usangi! Sharti lilikuwa moja: bila vituo vinne matokeo hayahesabiwi. Sisi tulikuwa na sahani za vituo vitatu. Alma, mwenyekiti wetu, alitaka kuagiza nyingine kiwandani. Nikamwambia asihangaike, nina fundi. Nikampa neno langu.

Humphrey alikuja Sweden akiwa kijana kujifunza kuchomelea vyuma, akaifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitano, hadi alipostaafu. Mwezi wa pili nilimkuta kwenye karakana aliyoazima, sahani tano zimeshakatwa, mviringo safi kabisa. Kilichobaki ni kuzitia ndoano za kuningʼinizia.

"Mtani," akaniambia, "chuma hiki kigumu hakipendi moto. Nikichomelea ndoano mgongoni, upande wa mbele utalainika. Tutoboe, tufunge bolti."

Kutoboa kungechukua wiki mbili zaidi. Nikamjibu, "Mchaga ameona bei ya gesi! Fundi mzima, miaka thelathini na mitano, leo anaogopa kuchomelea?"

Akacheka. Halafu akarudia, taratibu, kwamba upande wa mbele utalainika. Nikamwambia gesi nitanunua mimi, asilie. Katika utani anayenuna ndiye aliyeshindwa. Aliniangalia kidogo, akashusha kinga yake ya uso, akawasha moto.

Yeye hajawahi kushika bastola, hakujua chuma kilicholainika kinafanya nini kikipigwa risasi. Mimi nilijua risasi, sikujua chuma. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya jambo, na yeye ile nusu yake alinipa mara mbili, nikaicheka mara mbili.

Jumapili ya mashindano walikuja watu arobaini na mmoja. Jua lilikuwa zuri na soseji zilikuwa za kutosha. Humphrey alijitolea kupuliza rangi kituo cha nne, kituo chake, amevaa kizibao cha njano kilichompwaya, anatembea kifua mbele. Kila sahani ilipolia alinitazama kwa mbali kama mzazi kwenye mahafali.

Msimamizi wa kituo hicho alikuwa Ashraf, Mganda, dereva wa basi, mtu ambaye hajawahi kupandisha sauti tangu nimjue. Saa tano na dakika chache nikamsikia anapiga kelele: "Eld upphör!" Maana yake acheni kupiga, wote, sasa hivi.

Nilikimbia. Alma alikuwa amesimama nyuma ya mpigaji, kiganja shavuni. Alipokiondoa niliona damu, tone moja tu, nusu kidole chini ya ukingo wa miwani yake. Akasema si kitu.

Bastola zikaondolewa risasi, tukaenda kwenye sahani. Ashraf akamimina spiriti kwenye kitambaa, akafuta ile sahani ya katikati. Rangi ikatoka tabaka kwa tabaka, ya leo, ya mazoezi ya mwezi wa nne, ya mwezi wa tatu.

"Nyabo, kuja uone," akaniita, maana kwao Uganda mwanamke huitwa hivyo kwa heshima. "Hii iko na shimo."

Halikuwa moja. Vilikuwa vishimo saba au nane, vimejipanga duara, sawasawa na mahali ndoano ilipochomelewa kwa nyuma. Risasi ikiangukia kwenye shimo haisambai pembeni inavyopaswa, vipande vyake vinarudi kwa watu. Tulikuwa tumevipaka rangi kila mara, kwa bidii, tukavificha wenyewe.

Humphrey alifika na kopo lake la rangi mkononi. Akapitisha kidole gumba juu ya vile vishimo, polepole, kimoja baada ya kingine. Hakuhitaji kuambiwa.

"Nani kachomelea hii?" Alma akauliza kwa Kiswidi.

"Jag," Humphrey akajibu. Mimi. Kisha akaongeza kwa Kiswidi chake cha kiwandani, "Mimi ndiye fundi. Ni kosa la fundi."

Hakunitazama.

Nimesikia watu wengi wakisimulia jinsi walivyojitokeza mara moja. Mimi sikujitokeza mara moja. Nilisimama pale nikipiga hesabu. Mzee wa kujitolea amekosea, inatokea. Yeye hana cheo cha kupoteza, atarudi zake Rissne, na mimi mwakani nitapewa tena mashindano. Watu arobaini walikuwa wanamtazama, na nilijua baadhi yao wanawaza nini, kwa sababu wamewahi kuniwazia mimi vilevile.

Humphrey akaweka kopo chini. Akavua kizibao cha njano, akakikunja mara mbili, pembe kwa pembe, akamnyooshea Ashraf. Ashraf hakukipokea. Kikabaki hewani, mkononi mwa yule mzee. Hapo ndipo aibu iliponishika, nikaisikia hadi kwenye meno.

"Alinikataza," nikasema kwa sauti ambayo hata wa kwenye soseji waliisikia. "Alisema moto utalainisha chuma. Alisema mara mbili. Nilimcheka, nikamlazimisha. Sahani hizi ziko hivi kwa amri yangu."

"Mara mbili?" Alma akauliza.

"Mara mbili."

Alinitazama muda, shavu lake limebandikwa plasta ndogo. "Basi ripoti ya mkoa utaandika hivyo," akasema. "Kituo cha nne kimefungwa. Mashindano ya mwakani tutayajadili kwenye kamati, sikuahidi kitu. Na sahani mpya nitazikagua mwenyewe kabla hazijapigwa."

Vituo vitatu, matokeo hayahesabiwi. Kumi na wanne walipakia mifuko yao wakaondoka, mmoja bila hata kuaga. Waliobaki waliendelea kujifurahisha tu. Nami nikafanya kazi yangu hadi saa tisa, mwisho wa muda ambao manispaa inaturuhusu kupiga kelele Jumapili, na sijui nilikuwa nafanya nini.

Humphrey nilimkuta kituo cha nne, amekaa juu ya kreti, kizibao magotini. Nikakaa kando yake kwenye zege.

"Mzee Humphrey," nikasema, "nimekukosea. Naomba unisamehe."

Alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Usiniite hivyo."

"Nimekukosea, na nilikuacha umesimama pale peke yako. Mzee wangu, naomba—"

"Mtani," akanikatiza, na sauti ilikuwa ya kuomba. "Mbele ya Waswidi nimeweza kustahimili. Sasa wewe ukianza kuniheshimu, nitajuaje kama sijafukuzwa?"

Akageukia miti. Nilitafuta utani kila mahali kichwani, nikaukosa. Nilikuwa nataka kulia. Chini, kwenye zege, yalitapakaa maganda ya risasi, madogo, ya shaba, yanang'aa. Nikaokota moja, nikaliinua usawa wa sikio lake, nikaliachia.

Likalia kling, likabingirika. Humphrey hakugeuka.

Nikaokota la pili. Kling.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Akageuza kichwa, macho yamejaa maji, akatazama chini kutafuta kilichoanguka.

"Afadhali," nikasema. "Nilishataka kuita daktari."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akakikunjua kile kizibao, akakivaa. "Ripoti umeandika?"

"Bado."

"Iandike vizuri, na tarehe. Mpare amekubali kosa mbele ya mashahidi arobaini, bila wakili, bila kukata rufaa. Nyumbani hawataamini."

Tukaokota maganda pamoja, tukayatia ndooni. Tulipobeba ile sahani mbovu kuipeleka kwenye gari, yeye upande mmoja na mimi mwingine, akasimama.

"Sahani mpya tutatoboa," akasema.

Utani ulinijia wakati huohuo, mzuri kweli, umeshafika ulimini.

"Tutatoboa," nikasema, na sikuongeza neno.