Natsuo Aliyekalia Mikono

Kitendawili: wageni wamejaa nyumbani, wala hakuna anayemtazama mwenye nyumba. Umeshindwa? Nipe mji. Jibu ni somo la Mwalimu Orie, pale shuleni Nagano.

Walimu walikuwa wamelipanga pamoja, wakabishana hadi chai ikapoa. Machungwa kumi na matatu, tumekula tisa, mangapi yamebaki? Orie afundishe, wenzake wasimame ukutani wawatazame watoto, waone kila mmoja anavyojitafutia njia. Ndiyo maana watoto hawakutakiwa kulijua swali mapema.

Lakini Orie alikuwa mgeni kazini, na aibu aliiogopa kama moto. Siku moja kabla alifunga mlango, akawafundisha somo lote. Natsuo peke yake akawa bado anahesabu kwa vidole. "Kesho, baba," Orie akamnong'oneza, "vidole visionekane."

Siku ya wageni somo lilinyooka kama uzi. Baadaye wakaketi kulijadili.

"Mwalimu Orie, wanafunzi wako wamekunywa nini asubuhi?" akatania Mwalimu Igarashi wa darasa la jirani, ambaye angelifundisha somo hilohilo wiki inayofuata. "Wangu bado wanagombania vifutio."

Wakacheka. Orie akacheka kwa meno tu.

"Mimi nilimtazama Natsuo," akasema Mwalimu Tokiwa, mama wa makamo. "Somo zima kakalia mikono yake. Sijui kwa nini."

Ilikuwa Novemba, na Nagano mwezi huo ni baridi. Ni baridi tu, Orie angesema, na yangeisha. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Ila Igarashi alikuwa ameshika kalamu. "Basi ile sehemu ya kuhesabu kwa vidole naifuta. Kumbe watoto hawaihitaji."

"Usiifute," Orie akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Natsuo anaihitaji. Mimi ndiye niliyemwambia afiche vidole. Somo hili niliwafundisha jana."

"Kumbe umetupakulia kiporo," akasema Igarashi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Orie akainamisha kichwa mpaka paji likakaribia meza. "Naombeni radhi."

"Sisi tutakusamehe, mwanangu," akasema Tokiwa. "Uliyemkosea hayupo humu."

Kesho yake asubuhi Orie alichuchumaa kando ya dawati la Natsuo. "Nilikosea kukukataza. Nionyeshe unavyohesabu."

Mtoto akatazama mlangoni kwanza. "Wageni wameondoka?"

"Wameondoka."

Akauchomoa mkono mmoja, akaanza kuhesabu polepole. Wa pili aliendelea kuukalia.