Mtungi wa Kung'oa Mikuki

Mwanahamisi alijua kupima mchele kwa macho, samaki kwa kiganja, na uongo kwa namna mtu anavyomeza mate. Pombe ndiyo hakuijua. Na sasa mwanawe Uledi anaoa binti wa Kirundi kutoka milima ya Bugarama, watu ambao kwao arusi isiyo na pombe ni mkutano tu. Miaka ile ya Mdachi nyumba za Waswahili Rumonge zilikuwa chache, na hakuna hata moja iliyokubali kuwa inajua mambo ya mtungi.

"Muulize Asmani," shoga yake Esha alimwambia, akichambua ndagala, dagaa wa ziwa lao.

"Muadhini?"

"Muadhini, ndiyo. Sauti ile unadhani inalainishwa na asali?"

Asmani alipoulizwa alitazama kwanza ziwani, kama mtu anayelisikia neno lile mara ya kwanza. "Mimi sijui, Mama Uledi. Ila nasikia watu wakisema mitungi minane inatosha. Wewe weka tisa. Wajomba wa Bugarama wana vifua." Akajitolea na kuipokea mitungi itakapofika.

Pombe ya ndizi ikaja na mama mmoja wa Gatete aliyeipika. Kila mtungi uliofika uani aliuonja mwenyewe mbele ya wageni, kama desturi ya Warundi, mtu asihofu sumu, kisha akarudi kwao. Wajomba wakachomeka mikuki uani, wakainamia mirija.

Mitungi ikakauka. Hakuna aliyeondoka. Kulipokucha walikuwapo, wakala mbuzi aliyebaki, wakala na maharagwe ya majirani. Bibi arusi alikuwa bado kafunikwa katikati ya shangazi zake, hatolewi mpaka watu wake waage, na Uledi akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Wakwe zangu, mmelala salama?" Mwanahamisi akauliza.

"Amahoro, amani tu, mukwe," akajibu mzee Barampama, mjomba mkubwa. "Tungekuwa tumeshapanda mlima, ila mikuki iko chini bado. Kwetu mgeni anaagwa kwa mtungi wa kung'oa mkuki. Tukienda bila huo, mumetufukuza. Na tukifukuzwa, mutoto tunarudi naye."

Mwanahamisi akaitazama mitungi mikavu kando ya ua. Minane, na yeye aliagiza tisa. Akajifunga kanga vizuri, akaenda kwa Asmani.

Alimkuta amelala, eti homa. Chini ya nyavu pembeni palikuwa na kitu cha mviringo.

"Maji ya udhu hayo, Mama Uledi."

"Ya udhu yanatoa povu?"

Asmani akavuta shuka usoni.

"Inuka. Utaubeba kwa kichwa chako."

Akaubeba, msikiti mzima ukimfuata nyuma hadi uani. Barampama akautazama mtungi, akatoa mrija. "Na huu nani anauonja?"

"Mimi mtu wa msikiti," Asmani akasema.

"Na ulipouficha ulikuwa mtu wa wapi?" Mwanahamisi akamuuliza. "Onja, baba. Mwanangu anasubiri."

Waumini wote wakageuka kutazama ziwa, kana kwamba kuna kiboko. Asmani akainama. Mazoea yakamponza, akasema bismillahi. Akanyonya, akaendelea kunyonya.

"Huko ni kuonja gani?" Barampama akauliza.

"Sumu huwa inakaa chini, mzee."

Wajomba wakamvuta kwa shati, wakanywa kilichosalia, wakang'oa mikuki, na bibi arusi akatolewa. Adhana ya adhuhuri ilichelewa siku ile, na ilipotoka ilikuwa tamu kuliko zote. Uledi hakuisikia.