Mke wa Kwanza Ukutani

Huko Venezia, mchoraji Zanetto alikuwa amemchora Venere, mungu wa mapenzi, kwa sura ya marehemu mkewe Lukrezia. Mke mpya, Orsetta, akashindwa kuvumilia.

“Bwana wee, mke mwenza aliye hai ningemtukana akanijibu. Huyu ananikodolea macho tu, tena uchi! Mfute, unichore mimi.”

Zanetto hakukwangua rangi ya zamani kama wachoraji wafanyavyo. Alipaka nyeupe juu yake, akachora uso wa Orsetta, na bibi akatembea kwa madaha mpaka Kwaresima. Asubuhi moja, akiipangusa picha vumbi, aliona macho ya Lukrezia yakijitokeza kwenye mashavu yake yaliyochorwa.

“Zanetto! Anarudi!”

“Rangi tu hiyo, mpenzi. Nyeupe niliipaka nyepesi.”

“Basi mkwangue!”

Zanetto akainua kisu, kisha akakishusha. “Siwezi. Nitamuumiza.”

Orsetta akakinyakua, akakwangua mwenyewe kwa hasira. Uso wake ndio uliobanduka. Chini yake Lukrezia alitabasamu, rangi yake mbichi kama ya jana.

“Karibu nyumbani,” Zanetto alinong’ona, wala hakumtazama Orsetta.