Igeuze, Ambrosi

Safari hii Mama Kuku hakumwita kwa ajili ya nyoka.

Ambrosi alilijua hilo mara aliposikia sauti. Nyoka akiingia bandani, yule mama wa Kigiriki alipiga kelele mpaka wachuma pareto wa bonde la pili wakanyoosha migongo. Asubuhi hii aliita taratibu kutoka barazani, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Ambrosi akaweka chini ndoo ya maziwa, akajifuta mikono kwenye kaptula, akaenda.

"Shika ile kitu," Mama Kuku akasema. "Safisha muzuri. Leo ni Karani."

Karani alikuwa punda. Jina alipewa na marehemu mume wa Mama Kuku, kwa sababu hakupenda kuanza kazi kabla jua halijapanda, na akishaanza hakutaka kuharakishwa na mtu. Sasa alikuwa mzee, mvi mpaka kwenye kope, na majani alitafuna upande mmoja tu. Ambrosi alimpenda punda yule, tuseme wazi. Alimpenda kuliko baadhi ya shemeji zake.

Na "ile kitu" ilikuwa bastola. Tusiikuze: ukiifumba mkononi ilipotea yote, nayo iliishi kwenye mfuko wa aproni ya Mama Kuku pamoja na mtama wa kuku na kitambaa cha kupengea mafua. Ilimeza risasi moja kwa wakati, na risasi yenyewe unene wake haukufika wa penseli ya shule. Ikilia ilisema "ta!" kama bisi kwenye kikaango. Vijana wa Igowole waliiita bastola ya kuulia chawa, lakini nyoka watatu, moma wakubwa, walikwisha kufa nayo.

Risasi zile zilikuwa na tabia zao. Moto wake haukukaa katikati ya kitako, kama kwenye risasi za bunduki kubwa. Ulijificha ukingoni, ukakizunguka kitako chote, na nyundo ya bastola iligonga ukingo huo mahali pamoja tu. Zikizeeka, au zikiingiwa na unyevu wa Mufindi unaoyeyusha hata chumvi koponi, nyundo inagonga: tik. Kimya.

Mama Kuku ndiye aliyemfundisha Ambrosi la kufanya hapo. Kwanza usiifungue, maana moto mwingine huchelewa. Elekeza mdomo wa bastola chini, ungoje. Ambrosi, Mkatoliki wa misheni, alingoja kwa kusali Salamu Maria moja, bila haraka. Kisha fungua, itoe risasi kwa ukucha, igeuze kidogo, irudishe, ili nyundo ipate ukingo ambao haujaguswa. Mara nyingi ya pili iliwaka. "Igeuze, Ambrosi!" Mama Kuku alizoea kusema, na nyoka naye, masikini, akangoja zamu yake.

Mwaka ule, wa hamsini na saba, Mama Kuku alikuwa anarudi kwao. Mume alishazikwa, bei ya pareto ilishaanguka, shamba lilishauzwa, na bunduki kubwa ilishapelekwa bomani Iringa. Mwenye shamba mpya alitaka kuku na ng'ombe. Punda mzee hakumtaka. Aliyemtaka alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Igowole, wa kumbebesha matofali. Mama Kuku alimjua mtu huyo na fimbo yake. Tena alikuwa amemwahidi mumewe, siku za mwisho za ugonjwa, kwamba Karani hatafia barabarani chini ya mzigo wa mtu.

Ambrosi alikuwa amejaribu.

"Nipe mimi, Mama. Mimi nitakaa naye."

"Wewe utauza kwa watu wa matofali."

"Siuzi, Mama."

"Watu yote nasema hivyo, Ambrosi. Yote."

Neno hilo lilimchoma. Miaka yote hiyo Mama Kuku alimwamini kushika bastola iliyojaa, lakini kamba ya punda hapana.

Usiku wake alimwambia mkewe, Verediana. Verediana aliacha kukoroga ugali. Mvua za masika zilipokata barabara na lori likazama matopeni, Karani ndiye aliyembeba kwenda misheni akiwa na uchungu wa Lusia, mtoto wao wa kwanza. Watu husema hiyo ndiyo siku pekee punda yule alipokimbia.

"Baba Lusia, mwambie tena."

"Nimeshamwambia."

"Basi mwambie Mungu," Verediana akasema, akaendelea kukoroga.

Sasa Ambrosi alikuwa barazani, anaisafisha bastola kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ndani ya kopo la chai ilibaki risasi moja. Nyingine zilikwisha, na madukani Iringa hazikuonekana tena. Akaitazama. Shaba yake ilikuwa imeingia ukijani. Akaifuta, maana kazi ni kazi, akaitia ndani ya bastola.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya pareto walipomfikia Karani chini ya mti wa mwati. Mama Kuku alivaa gauni lake la kanisani, na juu yake aproni. Akampa punda sukari guru, akamwegemeza paji la uso shingoni, akamnong'oneza Kigiriki. Karani alisikiliza kwa sikio moja. Lingine lilimgeukia Ambrosi, na Ambrosi akaona afadhali atazame viatu vyake, na viatu hakuwa navyo.

Akasikia nyundo ikivutwa nyuma.

Tik.

Mama Kuku akainamisha mdomo wa bastola chini. Ambrosi akaanza Salamu Maria, na safari hii hakuisali ili kupitisha muda. Aliisali kwa nguvu zake zote, na alipofika "sasa na saa ya kufa kwetu" aliimalizia moyoni.

"Igeuze, Ambrosi." Alinyoosha bastola nyuma bila kugeuza kichwa. Hakutaka aonekane analia.

Ambrosi akaifungua. Akaitoa risasi kwa ukucha. Kwenye ukingo wa kitako palikuwa na kovu la nyundo, dogo, kama mahali palipoumwa na siafu. Ukingo uliobaki wote ulikuwa mzima. Akaigeuza risasi kidogo, kama alivyofundishwa. Halafu vidole havikusimama. Viliendelea kuizungusha, polepole, mpaka lile kovu likazunguka lote na kurudi juu, palepale nyundo ilipokwisha kugonga. Akairudisha hivyo hivyo, akaifunga bastola, akampa mwenyewe. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko siku ya ndoa yake.

Tik.

Salamu Maria ya pili aliisali vibaya. Aliruka maneno.

Akanyoosha mkono kupokea bastola, lakini Mama Kuku hakumpa. Aliifungua mwenyewe. Hilo Ambrosi hakulitegemea. Mama Kuku akavuta miwani iliyokuwa kichwani, akaisogeza risasi karibu na macho. Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka ukingo. Akazunguka mara moja. Akarudia, taratibu zaidi.

Nyundo imegonga mara mbili, na kovu ni moja. Mtu mwingine angeitazama mpaka jioni asione ajabu. Lakini huyu ndiye mwalimu mwenyewe.

Karani akaulamba mkono wa pili wa Mama Kuku, uliobaki na utamu wa sukari guru.

"Imekufa, Mama," Ambrosi akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto aliyekutwa na mnofu mdomoni.

Mama Kuku alimtazama. Ambrosi aliyaona macho yale ya kijivu, mekundu kwa machozi, akafikiri: nimefukuzwa, naye mnyama atakufa vilevile.

"Imekufa," Mama Kuku akarudia. Akaitia risasi kwenye mfuko wa aproni, kati ya mtama. "Ambrosi, matofali?"

"Hapana, Mama. Hata moja."

"Kuni?"

Ambrosi akajikuna shingo. "Kuni... kidogo, Mama. Za jikoni tu."

Mama Kuku akacheka, cheko fupi lililoishia kwenye kitambaa cha mafua. "Wewe hapana jua uongo kabisa," akasema. Akafungua kamba kwenye mti wa mwati, akamzungushia Ambrosi kiganjani, raundi kwa raundi, kama anamfunga jeraha.

Walipofika nyumbani, Verediana alikuwa anapeta maharage. Aliwaona wote wawili wanateremka, akaweka ungo chini na kumwendea punda kwanza.

"Kamwene, Karani," akamsalimu kama mkwe, na mikono akaifuta kwa upande wa kanga kabla ya kumshika uso. Ndipo akamgeukia mumewe. "Amekupa?"

"Risasi ilikataa. Ilikuwa ya mwisho, nayo imekufa."

"Mungu mkubwa."

"Mkubwa," Ambrosi akakubali, akainama haraka kufunga kamba.

Karani akaanza kula maganda ya maharage, kwa upande wake ule mmoja. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka kwenye pareto na bati la nyumba kubwa likaonekana kule kilimani, na mbele ya nyumba mtu mdogo mwenye aproni nyeupe, amesimama peke yake, mkono mmoja ameunyoosha juu.

"Ta!"

Sauti ndogo, kama bisi kwenye kikaango.

Verediana akamtazama mumewe. "Si umesema imekufa?"

Ambrosi alikuwa amevua kofia yake, ameishika kifuani kwa mikono miwili, anatazama kilimani. Kando yake Karani aliinua sikio moja kuelekea nyumba kubwa, akalisimamisha kidogo, kisha akalishusha na kurudia maganda yake.